Jumapili ya Bustani Wazi

Asubuhi ile Hester Pargeter aliamka kabla ya kunguru wa mnara wa kanisa. Alimgeuza mumewe ubavu, akamlowesha midomo kwa pamba, kisha akashuka kwenda kutundika kibao cha njano langoni. BUSTANI WAZI LEO, kilisema. Mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha, ile mvua yao ya Juni isiyo na haraka na mtu.

Mumewe, Wilf, alikuwa anakufa. Waliolijua hilo, mbali na yeye, walikuwa watu watatu tu: Hester mwenyewe, nesi, na Enid, dada yake Wilf. Nesi alisema labda Jumatatu, labda Jumanne. Wengine kijijini walijua anaumwa, na kila walipouliza, Hester aliwajibu, "Hajambo kidogo, anapumzika." Kijijini Sallowcote mtu haaniki shida zake kwenye kamba ya nguo. Ukiulizwa hali unasema nzuri, hata kama nyumba inawaka nyuma yako.

Sasa utauliza, kwa nini lango lisifungwe? Wilf mwenyewe alikataa. Miaka ishirini na sita bustani ile ilifunguliwa kila Jumapili ya tatu ya Juni. Na mwaka huu chama cha wapenda historia kutoka mji wa jirani kilikuwa kimeandika tangu Januari: asubuhi watatazama kanisa, halafu magofu ya monasteri, halafu watashuka kwa njia ya malisho ya kondoo mpaka kwa akina Pargeter, waone mawaridi na wanywe chai.

"Barua yao nimeijibu kwa mkono wangu," Wilf alisema wiki ile, sauti imebaki uzi. "Nimewaambia karibuni. Utawafukuzaje watu waliokaribishwa?"

"Nitawaambia ukweli."

"Kwamba nakufa? Watajisikia vibaya, maskini." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Kilipotulia alimshika mkono. "Kitu kimoja tu, Hester. Usiniache niende peke yangu."

Alijua anachokisema. Baba yake alikufa hospitalini, Wilf akiwa kijana wa miaka kumi na tisa. Saa za kutazama wagonjwa zilikwisha, msimamizi wa wodi akapiga kengele, na Wilf akachukua kofia yake akatoka kama alivyoamriwa. Mzee alikata roho Wilf akiwa kituoni anasubiri basi. Katika miaka arobaini na minne ya ndoa alilisimulia jambo hilo mara mbili tu, na mara zote mbili aliondoka mezani kabla ya kulimaliza.

"Sitakuacha," Hester alisema. "Nitakuwa nimekushika mkono huuhuu."

Enid alifika saa tatu, amebeba mfuko wa kazi yake ya kufuma. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, mwembamba kama mpini wa reki. Maisha yake yote alikuwa mkutubi, na alikuwa na adabu ya kutisha. Siku moja alisimama posta dakika ishirini nyuma ya wanawake wawili, kumbe wenzake hawakuwa kwenye foleni, walikuwa wanasengenya tu.

"Kitendawili," Wilf alisema aliposikia kiti kinavutwa. Macho hakuyafungua. Ulikuwa mchezo wao tangu utoto.

"Tega."

"Mzee wangu kila mwaka wanamkata mikono, na kila mwaka anawalisha."

"Mlipa kodi."

"Pumbavu."

"Basi nimeshindwa. Twaa mji. Twaa London."

"London siutaki, una kelele. Nipe Hereford."

"Haya, Hereford ni wako."

"Ni mpea wangu wa ukutani," Wilf akasema, akatabasamu kidogo, akasinzia. Mpea ule alikuwa ameupogoa na kuulaza kwenye ukuta wa mawe kwa miaka thelathini, matawi yamenyooka kama mistari ya daftari.

Hester alimvuta wifi yake mpaka mlangoni. "Nitakuwa bustanini tu, hatua hamsini. Pumzi zikibadilika, niite. Usingoje kuhakikisha."

"Nitakuja papo hapo, wifi."

"Papo hapo, Enid."

"Nimekwambia papo hapo. Nenda."

Wageni waliingia saa nane mchana, thelathini na kitu, matope hadi vifundoni, makoti ya mvua yanachuruzika. Mama Tranter, jirani, alikuwa ameshaweka meza chini ya turubai, birika kubwa la kanisa linatokota, na skonzi zimepangwa na jamu yake. Wakatawanyika. Huyu ananusa waridi, yule anainama kusoma kibandiko cha ua, wengine wawili wanabishana kama konokono huuawa kwa bia au kwa chumvi.

"Bia," mmoja alisema. "Wanakufa wamefurahi."

"Basi mume wangu ni konokono," mwenzake akajibu.

Mama mmoja mnene, kofia imemlowa ikamwangukia masikioni, alimjia Hester na kikombe mkononi. "Na bwana mwenyewe yuko wapi? Mimi nimekuja kumwona mtu wa huu mpea!"

"Anapumzika."

"Wanaume! Kazi ikifika mlangoni, wao wako kitandani!"

Watu wakacheka. Hester naye akacheka. Alikisikia kicheko chake kikitoka, kizuri, cha mwenyeji mwema, akashangaa kimetoka wapi.

Saa tisa alipanda juu. Wilf alikuwa vilevile, anavuta pumzi kama mtu anayekokota kiti kizito, pole pole, anapumzika, anakokota tena. Hester akakaa. Akamshika mkono.

"Wanakuita huko chini," Enid akanong'ona baada ya muda. "Namsikia Mama Tranter anauliza maziwa."

"Aulize."

"Wageni ni wako, wifi. Mimi nipo."

Hester akamtazama mumewe, akatazama dirisha. Angekaa. Moyo ulimwambia akae, lakini miguu ilikuwa na malezi yake. Akashuka kutafuta maziwa.

Hester akiwa njiani kurudi ndani, mwenyekiti wa chama, Bwana Crowther, alimnasa kando ya ukuta wa mpea. Alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, mrefu, mwenye fimbo ya kutembelea aliyoitumia kuonyesha vitu.

"Bi. Pargeter! Wewe ndiye niliyekuwa nakutafuta. Unajua unaishi juu ya nini hapa?"

"Ni mawe ya monasteri," Hester alisema. "Waliyabeba kutoka—"

"Mawe ya monasteri! Waliyabeba kutoka magofuni baada ya mfalme kuwafukuza watawa. Na hili hapa, unaliona?" Fimbo ikagonga jiwe moja kati ya matawi ya mpea, lenye uso wa mtu aliyefutika pua. "Huyu ni mtawa."

Hester alikuwa amelifuta jiwe lile ukungu kila majira ya kuchipua kwa miaka thelathini. "Naam," alisema. "Samahani, bwana, inabidi niingie—"

"Nusu dakika tu, mama. Hii itakufurahisha."

Hakuna kamba iliyomfunga. Angeweza kugeuka akaondoka, na Bwana Crowther angebaki anaongea na mpea. Watu wengi wa nchi nyingine wangefanya hivyo bila kufikiri. Lakini yeye alisimama, kichwa ameinamisha upande kama msikilizaji, vidole vinasokota ncha ya aproni.

Bwana Crowther akaeleza jinsi watawa walivyochimba mifereji. Akaeleza mfereji wa jikoni na mfereji wa vyoo, na kwa nini mmoja ulikaa juu ya mwingine, na bwawa la samaki lililokuwa hapohapo bustanini. Katikati alitupa jicho nyuma ya bega la Hester, akamwambia mtu mwingine kwa upole, "Nakuja kwako sasa hivi, bibi," kisha akaendelea. Hester akadhani ni mgeni mwenye swali. Nyuma yake mtu alikohoa. Baadaye akakohoa tena.

"Kwa hiyo," Bwana Crowther akamalizia, "unapokunywa chai hapa, unakunywa juu ya maji ya samaki wa watawa! Haya, bibi, ulikuwa unauliza?"

Hester akageuka.

Enid alikuwa amesimama hatua mbili nyuma, bila koti, na viatu vya ndani, mikono ameikunja mbele, nywele zimelowa zikamganda usoni. Hakuwa amelowa kwa kitambo kidogo.

"Samahani kukukatiza, wifi," alisema.

Hester alikimbia. Alipita katikati ya meza ya chai, skonzi zikaanguka, mtu akasema "Oh!" Ngazi alizipanda kwa mikono na miguu.

Chumba kilikuwa kimya. Ule mkokoto wa kiti kizito haukuwepo tena. Wilf alikuwa bado na joto. Mkono wake wa kulia ulikuwa umetoka nje ya blanketi, umenyooka kuelekea kwenye kiti, vidole wazi. Kitini palikuwa na kazi ya kufuma.

Aliketi juu ya ile sufi na sindano zake, akaushika ule mkono, akaufunga vidole kwa vidole vyake. Vilifunguka tena.

Enid akaja akasimama kizingitini, anatiririka maji.

"Umesimama pale muda gani?" Hester aliuliza bila kugeuka.

"Si mrefu."

"Enid."

"Pumzi zilibadilika, nikatoka palepale, wifi, kama ulivyosema. Alikuwa anaeleza habari za mifereji. Nikadhani anakaribia kumaliza." Sauti ikamkatika. "Nilikohoa. Nilikohoa mara mbili."

Hester alikuwa na la kujibu, tena kali, lakini lilipofika kooni lilikutana na lingine: yeye mwenyewe alisimama palepale, ameinamisha kichwa, anasikiliza habari za vyoo.

Huko chini kijiko kiligongwa kwenye kikombe. Kisha sauti ya Bwana Crowther ikapanda, imara, ya darasani. Walikuwa wamejikusanya chini ya dirisha, wakidhani mwenyeji amepanda kumwamsha mumewe aje kuwasalimia.

"Bwana na Bi. Pargeter! Kwa niaba ya chama chetu, kwa bustani hii ya ajabu, kwa chai, na kwa ukarimu wenu, shukrani zetu za dhati!"

Wakapiga makofi, makofi ya watu waliovaa glovu. Yule mama wa kofia akapaza sauti, "Mwambie ajitokeze, tumwone mlalaji!" Kicheko.

Hester akainuka. Alikwenda dirishani amekusudia kuwaambia. Alilisukuma, akaona nyuso zote zimeinuliwa kwake, zimelowa, zina furaha, baadhi zina jamu. Akafungua kinywa.

"Asanteni sana kwa kuja," alisema. "Njia salama."

Akafunga dirisha, akavuta pazia. Alirudi kitini, akauchukua tena mkono wa mumewe, ambao sasa ulikuwa unapoa kuanzia kwenye kucha.

Nje basi la wageni liliguruma. Likazunguka uwanja wa kanisa, likapita mto, sauti ikazama nyuma ya vilima. Mama Tranter alisikika akikusanya vikombe, kimoja juu ya kingine.

Enid bado alikuwa kizingitini. Aliyelala kitandani alikuwa kaka yake pekee, lakini chumba kilikuwa cha mke na mume, naye hakuwa mtu wa kuingia bila kuambiwa karibu. Hester alizisikia nguo zake zikidondosha maji kwenye mbao, tone, halafu tone. Neno la kumkaribisha lilikuwa moja tu, na jepesi. Alilisikia ulimini, akalikalia kimya, mpaka chumba kikaingia giza.