Kitambaa Kilichouzidi Mnara

Fundi wa mitaro alikuwa na sharti moja la kazi, na alilishika kuliko wengine wanavyoshika ndoa zao: hachimbi mpaka chuma chake kigonge ngumu. Ngumu ni ile ardhi iliyo chini ya tope, isiyotetereka. Mtaro usio na ngumu, alizoea kusema, ni kaburi la aliyeuchimba, maana kingo zake humporomokea yeye kwanza. Basi kamati ya mtaa ilipoamua kukausha kinamasi kilicho nyuma ya nyumba ili watu wapate mashamba, wa kwanza kuitwa alikuwa yeye. Alikwenda na chuma chake, akakizamisha penye vigingi alivyopigilia kuonyesha mwanzo wa mtaro, na kilipofika mita mbili kikalia ko! Akarudi kifua mbele, akatangaza mkutanoni kwamba ngumu ipo na kazi itaanza Jumatatu.

Hakuna aliyembishia. Nani ambishie fundi kwa ufundi wake? Aliyekuja kumbishia alitoka nyumbani kwake mwenyewe, na ndiye aliyekuwa akimchemshia chai kila asubuhi.

Huyo alikuwa binti yake wa miaka kumi na saba. Watu walimwita Wino, kwa sababu tangu darasa la kwanza hakuna aliyewahi kumwona na vidole safi. Yeye na vijana wenzake kumi walikuwa wanafunzi wa Mama Brashi, mchora mabango ya maduka na saluni, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Vijana walitaka kuchora kinamasi ukutani kabla hakijakaushwa, angalau kibaki picha. Wakamletea michoro ya ndege na matete. Mama Brashi aliisukuma pembeni.

"Ndege kila mwenye macho anamwona," alisema. "Nendeni mkanichoree kilichoko chini."

Chini kuna nini, zaidi ya tope? Ndivyo walivyonung'unika njia nzima. Lakini ukiyavulia nguo maji, yaoge. Wakaenda ofisi ya maji, na bwana maji akawaazima vyuma tisa vya mita moja moja, vya kuunganishwa, cha mbele kikiwa na kijiko cha kuchotea. Akawaambia kwamba tope lile ni mboji, majani na mizizi iliyolala majini bila kuoza. Huongezeka milimita moja kwa mwaka. Kinamasi kikikaushwa, mboji husinyaa na ardhi hushuka. Ikishika moto, huwaka chini kwa chini kwa miezi, na visima vya jirani hukauka.

Wakazamisha chuma penye vigingi vya fundi. Mita mbili, ko! Wino alifurahi, maana baba yake alikuwa sawa. Kisha kijiko kikatoka na vipande vya mti. Wakasogea hatua tatu, wakazamisha tena. Mita mbili zikapita, mita nne zikapita, mita sita zikapita. Kila mita walichota tope na kulitia katika kopo la maziwa. Mita ya tisa ilipozama, vyuma viliisha, na chini bado palikuwa laini kama uji. Walisimama juu ya ile nyasi inayobonyea, na hofu ikamwingia Wino, siyo ya kuzama, ila ya kujua anakanyaga nini. Baba yake alikuwa amegonga gogo lililozama zamani, akaliita ngumu.

Jioni ile Wino akamweleza baba yake. Fundi alicheka.

"Mimi nimechimba mitaro miaka ishirini na tano. Nyie mmepima kwa makopo ya maziwa!"

"Baba, twende ukaone tu."

"Picha zenu zitachimba mtaro? Niache nile, mwanangu."

Wino hakulala vizuri. Akinyamaza, kinamasi kinakauka, na pengine kingo zinamfukia baba yake. Akisema, anamwaibisha mzazi mbele ya mtaa mzima. Alipomweleza Mama Brashi, alipewa gunia na sindano.

Wakashona magunia ya unga yaliyofuliwa, wakapata kitambaa kirefu cha mita tisa kamili, upana wa mlango. Rangi ya dukani hawakuigusa. Walikoroga tope la kila kopo na gundi, wakalipaka pale pale lilipotoka, kina kwa kina, bila kupunguza hata kidole. Kumbe tope lina rangi! Juu lilikuwa jeusi, kisha kahawia, kisha jekundu la kutu, na kwenye mita ya tano ulipita mstari mwembamba wa mkaa, moto uliowaka kabla mtu yeyote hajatunza kumbukumbu. Mmoja alichora mizizi tu siku mbili nzima. Gogo la mita mbili alilichora Wino mwenyewe.

Jumamosi, wajumbe wa kamati walipokutana mbele ya ofisi ya mtaa kumkabidhi fundi kazi, vijana walipanda mnara wa tangi la maji na kukiteremsha kitambaa. Kiliteremka, kikaendelea kuteremka. Kilifika chini, na bado mita moja na nusu ikalala uwanjani, kwa sababu mnara ulikuwa mfupi kuliko kinamasi.

Watu waliozoea kutupa taka kwenye kile kinamasi waliinua shingo wakaduwaa. Bibi mmoja alivua kandambili kabla ya kusogea karibu, na hakuna aliyemcheka.

Fundi alisimama mbele ya wote. Alilitazama lile gogo kule juu, karibu na tangi, kisha macho yakashuka polepole, rangi baada ya rangi, mpaka kwenye ncha ya viatu vyake.

"Lile gogo," fundi alisema, "ndilo nililoligonga mimi?"

"Ndiyo, baba."

"Na mwisho wa hili tope uko wapi?"

"Hatukuufikia. Vyuma viliisha."

Mwenyekiti wa kamati alikohoa, akasema picha ni picha, waendelee na ajenda. Fundi hakumgeukia hata kidogo.

"Nimekosea," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Nilipiga gogo, nikawaambia ni ngumu. Nileteeni vile vyuma vyenu. Na vyangu nitavileta."

Mchana huo mtaa mzima ulikwenda kinamasini. Baba na binti walishika mpini mmoja. Mita tisa, kumi, kumi na moja. Na nusu mita baadaye chuma kikakwaruza kitu kigumu kweli. Fundi aliusikiliza mkwaruzo ule kwa viganja vyake, akafumba macho.

"Ngumu ni hii," alisema. "Mwenyekiti, mtaro huu sichimbi. Na atakayekuja kuuchimba, nitamleta hapa kwanza ashike chuma."

Wakavuta. Wino akapangusa kijiko. Ndani, juu ya udongo wa kijivu, lililala jani moja dogo, bichi, la kijani, mishipa yake yote inaonekana, kana kwamba limeanguka asubuhi ile. Kwa milimita moja kila mwaka, lilikuwa limelala huko miaka zaidi ya elfu kumi na moja, na jua lilikuwa linaligusa sasa hivi. Watu waliinama wakashikana mabega. Mama Brashi, yule mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alinong'ona, "Tazameni."

Kisha ukingo wa jani ukaanza kuwa mweusi. Hewa ilikuwa inalila mbele ya macho yao.

Fundi wa mitaro akapiga magoti topeni, akakunja viganja kuzunguka kijiko ili upepo usilifikie.

"Chora, mwanangu!" alilia. "Chora upesi, linakwenda!"