Kifuniko cha Pikapu ya Shemeji

Fundi turubai alikuwa na desturi yake: akimaliza kushona kifuniko cha gari, hulala chini yake mwenyewe kimwagiwe maji. Leo ilikuwa zamu ya pikapu ya umeme ya shemeji yake, mume wa dada. Kifuniko cha dukani kilikuwa kimemvujia mpaka waya wa kuchajia ukalowa.

"Likipita hata tone moja, nachoma moto cherehani yangu!" fundi alitamba. Akapanda nyuma, akajilaza kwenye bodi kando ya ule waya. Shemeji akabana vifungo vyote, akafungulia mpira wa maji.

Mle gizani fundi alisikia maji yakinguruma juu yake. Akapapasa mshono wa kwanza: mkavu. Wa pili: mkavu. Akafikia ule wa kona, uliomtoa jasho wiki nzima: mkavu! Akapiga kigelegele.

Shemeji akadhani ni yowe, akafungua mbiombio.

"Mama yangu, umelowa chapachapa!"

"Shika waya wako kwanza."

Akaushika. Ulikuwa mkavu kabisa.

"Hili ni jasho langu," fundi alisema, akihema na kucheka. "Humu, shemeji, maji hayaingii. Hata hewa haiingii!"