Majani Aliyoyapenda Mamamkwe

Ng'ombe yule aliitwa Mamamkwe kwa sababu hakuna alichopewa kikamridhisha. Dereva mstaafu, mwenye ng'ombe, ndiye aliyempa jina hilo. Mkewe alicheka sana, mpaka alipokumbuka kuwa mama yake mzazi yu hai, akanuna siku mbili.

Sasa hakukuwa na cha kuchekesha. Mamamkwe alikuwa na mimba ya miezi saba, naye alitembea kama mlevi. Kichwa kilimtikisika bila kukoma. Akifika mlangoni pa zizi, penye ardhi tupu, aliinua mguu juu kana kwamba anavuka gogo, akautua kwa kishindo na kupepesuka.

Dereva alikwisha kumtwika jirani lawama. Jirani huyo, mkulima wa mboga, alikuwa amepuliza dawa ya wadudu upande wa pili wa ua, na Dereva aliapa kuwa upepo ndio ulioleta sumu. Siku jirani alipopiga hodi akisema ana neno, Dereva alijifungia ndani, akamwambia mkewe kikulacho ki nguoni mwako. Mkewe akamjibu kwamba hata mwizi husikilizwa kwanza.

Kila alfajiri Dereva alipiga magoti na kuomba jambo moja tu: Mamamkwe apate hamu ya kula, asije akafa na ndama tumboni. Nyasi zilikuwa zimekauka. Mgonjwa alizinusa akageuka. Ndipo Dereva alipokumbuka kule bondeni, palipobaki kijani, penye vichaka vifupi vya maua ya zambarau ambavyo Mamamkwe alikuwa akivikimbilia malishoni. Akachukua panga na gunia. Mamamkwe alikula mpaka akalilamba gunia. Dereva alishukuru kwa machozi, na tangu hapo hakukosa kwenda bondeni, asubuhi na jioni.

Wiki ya tatu Mamamkwe alianguka mbele ya hori lake, na mke akampigia simu daktari wa mifugo bila kuomba ruhusa. Daktari alikuwa binti wa umri wa kitindamimba wao. Aliuliza maswali mengi, na kila swali Dereva alilijibu kwa kumtaja jirani. Kisha binti akainama horini, akaokota kijiti chenye ua lililonyauka.

"Baba, majani haya anamletea nani?"

"Mimi, mwanangu. Ndiyo pekee anayokula."

Daktari alikigeuzageuza kile kijiti. "Akishayazoea hataki kingine. Lakini haya ndiyo yanayomharibia mishipa ya fahamu, baba. Si dawa ya mboga."

Alieleza polepole. Nyasi zikiwepo, wanyama wengi huyapita majani hayo. Ukame ndio huwafundisha kuyala. Dawa ya kumrudisha alivyokuwa hakuna. Akinyimwa kuanzia leo huenda akasimama mpaka azae. Kuhusu ndama hakuahidi kitu. Akiwa tayari juu ya pikipiki aliongeza kwamba yule mkulima wa mboga, aliyemwelekeza njia, aliwahi kupoteza mbuzi watatu kwa majani hayo hayo.

"Anasema alikuja kukuambia."

Alasiri Dereva alivuka ua. Maneno ya kuomba radhi alikuwa ameyapanga tangu mchana, lakini alipofika alinyoosha tu kile kijiti chenye ua. Jirani alimtazama usoni, akaingia ndani, akatoka na majembe mawili. Walishuka bondeni, wakang'oa mpaka jua likapoa, wakisemezana "shika hapa" na "vuta," basi.

Mamamkwe alizitambua hatua za Dereva. Alijikongoja akainuka, akaja akivuka magogo yasiyokuwapo, akamlamba viganja vilivyonuka majani. Kisha akatafuta gunia. Dereva alimsogezea nyasi kavu, akazinusa, akageuka.

Dereva alifumba macho aombe. Ombi lililomjia mdomoni lilikuwa lile lile la kila alfajiri, akaliogopa, akalimeza. Mamamkwe akalia. Dereva akaficha mikono nyuma, akasimama pale pale, akimnyima.