Kisahani cha Dirishani

Mtaa mzima ulimwita Mama Krimu, na mwenyewe aliitikia bila kinyongo. Krimu yake ya madoa ya uso aliipika kwa majani ya chai ya kijani na mbegu za zabibu zilizosagwa, nayo ilikuwa na kasoro moja aliyoipenda kuliko sifa zake zote: haikuvumilia hewa. Ukiweka kijiko kimoja kwenye kisahani cheupe na kukiacha dirishani, siku chache baadaye utaikuta imegeuka kahawia, kama tufaha lililong'atwa likasahauliwa. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa dalili kwamba nguvu ya majani imo. Wateja, wao, walirudisha makopo wakidai imeoza.

Aliyewasikiliza ni mdogo wake wa kiume, muuzaji wake, ambaye kwa maneno hajambo. Biashara iliposhika kasi, alimwambia dada yake apumzishe mgongo. Kazi ya kuchanganya na kujaza makopo aachiwe yeye. Mama Krimu akakubali, na kisahani akakisahau. Kukisahau kulikuwa kosa, na alilifanya kwa moyo mweupe kabisa.

Kisha binti yake akapata mimba ya kwanza, na mashavu yakamtoka madoa meusi.

"Mama, nimekuwa chui," alicheka, huku machozi yakimlengalenga.

Mama akampa makopo mawili. "Paka bila wasiwasi, ni majani tu haya. Ila uwe na subira, huenda ukajifungua kwanza."

Subira haikuhitajika. Mwezi haukuisha, uso ukawa unang'aa kama sahani iliyooshwa. Ndugu na majirani wakammwagia sifa mpishi. Mama Krimu alitabasamu nao, lakini roho yake ilikuwa juu juu. Krimu yake haikuwahi kuwa na haraka hivyo.

Asubuhi moja alikwenda kumjulia hali binti yake. Alipoingia bafuni kunawa mikono, aliliona kopo dirishani, halina kifuniko, linapigwa na jua. Vumbi lilikuwa limeshatanda juu yake. Alilipangusa kwa kidole. Chini ya vumbi krimu ilikuwa nyeupe pe.

Akampigia mdogo wake palepale.

"Umetia nini humu?"

"Dada, na wewe! Unga kidogo tu. Unang'arisha, halafu krimu haigeuki rangi. Si wateja wamefurahi?"

"Unga gani?"

Mdogo wake akakohoa. "Aliyeniuzia alisema una zebaki. Lakini kidogo, dada! Hata sikujua kama mwanetu naye anapaka."

Alikata simu. Alitoka mbio hadi sebuleni. Binti yake alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, tumbo wazi, anajipaka kutoka kopo la pili.

"Tazama, mama, hata michirizi inafutika!"

Mama Krimu alimpokonya kopo, akavua mtandio wake na kuanza kulifuta lile tumbo. "Vaa viatu. Twende hospitali, sasa hivi."

"Jamani, taratibu! Utamwamsha." Binti alikuwa bado anacheka. "Ingawa siku hizi ametulia huyu, hanisumbui kabisa. Tangu juzi hajapiga hata teke."

Mtandio ukamdondoka. Mama Krimu akaweka kiganja juu ya tumbo lililokuwa liking'aa kwa krimu yake, akangoja.