Nafasi ya Vidole Viwili

"Ya kutosha imefanyaje?"

Mwalimu Mkuu alidhani ananong'ona. Tangu astaafu masikio yalikuwa yameanza kumtupa mkono, na mnong'ono wake ulikuwa wa mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara. Kanisa zima lilimsikia. Mchungaji, aliyekuwa ameinua mkono kukibariki kitambaa kipya cha mimbari, aligeuka kukitazama. Nami nikatazama alipotazama.

Mahameli ya zambarau. Herufi za satini ya manjano, kila moja nimeikata na kuishona kwa mkono wangu. Mstari wa juu: NEEMA YANGU. Mstari wa chini: YA KUTOSHA.

"Neema yangu ya kutosha," Mwalimu Mkuu aliendelea kumnong'oneza jirani yake, "haya, imefanyaje? Kitenzi kiko wapi? Na binti mwenyewe nilimfundisha mimi!"

Kicheko kilianzia kwa wanakwaya kikashuka benchi kwa benchi. Hakikuwa kicheko cha ubaya, najua leo. Watu wamekaa muda mrefu, joto limewazidi, wamepata cha kucheka. Lakini katika kanisa lile lote ni mimi peke yangu niliyekuwa na shahada ya Kiswahili. Uso uliniwaka. Niliinama nikajifanya naokota kitu sakafuni, nikakitafuta kwa bidii kitu kile ambacho hakikuwepo.

Wakati huo nilikuwa nimerudi kukaa kwa shangazi. Nilikuwa nimepata kazi ya kufundisha, kazi niliyoiota tangu nikiwa mdogo, nikipanga makopo jikoni na kuyaita wanafunzi. Makopo yalinisikiliza. Watoto wa kweli waliponikazia macho, chaki mkononi mwangu, yote niliyoyajua yalitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Sauti ikawa uzi. Si siku moja. Kila siku niliomba usiku linitoke tetemeko hilo, na kila asubuhi nililikuta mlangoni mwa darasa linanisubiri. Wanafunzi walinibandika jina, Bi Kimya. Muhula haujaisha nikaaga.

Chumba cha mbele cha shangazi ndicho kilichokuwa karakana yake: cherehani mbili, pasi, kioo kirefu, vipande vya nguo mpaka uvunguni. Nilikunja mapindo, nikashona vifungo, na wateja wakija na swali lao la siku hizi unafundisha wapi, nilikumbuka ghafla kwamba kuna nguo za kuanua nje.

Mchungaji alikuja kupimwa suruali. Akiwa amesimama mikono juu, shangazi akimzungushia futi kiunoni, aliniambia, "Kuna akina mama pale kanisani wanataka kujua kusoma. Chumba kipo, ubao upo. Mwalimu ndiye sina."

"Mchungaji, mimi sitoshi."

Shangazi alikuwa na pini mdomoni. Alizungumza nazo hivyo hivyo. "Hutoshi wapi? Mabegani au kiunoni?"

Mchungaji alicheka mpaka futi ikateleza. Mimi sikucheka. Ili asiondoke mikono mitupu nilimwambia nitamshonea kitambaa cha mimbari, maana hiyo ni kazi ya kukaa kimya. Aliniangalia kidogo, kisha akaniandikia maneno aliyoyataka kwenye kipande cha karatasi ya kukatia mitindo, na akayaandika sawasawa.

Nilipozipanga herufi mezani, niliuona mstari wa chini umebanana. Nikaisogeza YA pembeni kidogo, ili macho yapumue. Nafasi ya vidole viwili. Nikaridhika, nikashona.

Sasa nilikuwa nimeinama benchini, na pembeni yangu Mama Redio anacheka kuliko wote, anajipiga paja. Alikuwa muuza nyanya, na jina hilo alipewa kwa sababu habari za mtaa alizipata kabla hazijatokea. Kicheko kilipopoa aliinama nilipoinama mimi, kichwa karibu na changu.

"Mwanangu," alisema, polepole kweli, "tumecheka nini?"

Nilimtazama. Biblia yake ilikuwa magotini, ndani ya mfuko wake wa zipu. Zipu ilikuwa imefungwa, kama ilivyofungwa kila Jumapili.

"Mimi naona herufi zimependeza tu," alisema. "Wakicheka, nacheka. Nikichelewa watajua."

Sijui nilipata wapi sauti. "Nimekosea, mama. Lilitakiwa liwe neno moja. Yakutosha. Yaani neema inakutosha wewe. Ile 'ku' ya katikati ndiyo wewe. Nimeacha nafasi, ikawa kama kusema chumvi ya kutosha, maji ya kutosha. Wewe umetoka."

"Nimetoka?" Alikitazama kitambaa, akanitazama. "Basi nirudishe, mwanangu."

Alisema kwa mzaha. Lakini macho hayakuwa na mzaha.

Jioni ile nilifumua. Shangazi aliweka taa karibu yangu. Kabla ya kushona tena nilifungua waraka yanakotoka maneno yale, nikausoma kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwake. Mtume aliyeuandika aliomba mwiba wa mwilini mwake uondolewe. Akaomba tena, na tena. Haukuondolewa. Aliambiwa neno lile tu. Nilikuwa nimelijua tangu utotoni, nimelikariri, nimelichambua kwenye mtihani wa sarufi, na bado mkono wangu ulikuwa umeandika kile nilichokiamini kweli: kwamba neema ipo, ya kutosha, ya watu. Herufi ni zilezile. Mtu tu ndiye niliyemtoa.

"Mahameli inabaki na alama," shangazi alisema mwishowe, akipitisha kidole kwenye matundu ya sindano. "Nikupe kipande kingine?"

"Hapana, shangazi. Hiki kinanitosha."

Alinitazama juu ya miwani. "Mabegani au kiunoni?"

Safari hii nilicheka, na machozi yakapata njia.

Siku ya kwanza ya darasa la akina mama wa kanisani nilitetemeka. Chaki ilikatika mara tu ilipogusa ubao, na sauti ilikuwa uzi uleule. "Andika kubwa," Mama Redio alisema kutoka mbele, "na usituogope, sisi ndio tunaokuogopa wewe." Niliandika kubwa. Tetemeko halikuondoka siku ile. Mpaka leo, nikishika chaki, huja kunisalimu.

Miezi ilipita. Jumapili moja, kabla ibada haijaanza, Mama Redio alinivuta mkono mpaka mbele ya mimbari. Ukisimama karibu, kushoto kwa neno la chini, yanaonekana matundu madogo madogo yenye umbo la herufi mbili zilizohama. Aliinua kidole hewani.

"Nee. Ma. Ya-ngu." Jasho lilimtoka. "Ya." Akasimama. "Ku."

Kidole kilibaki pale.

"Huyu ndiye mimi?"

"Ndiye wewe."

Nyuma yetu watu walikuwa wameanza kuingia, Mwalimu Mkuu akiwa miongoni mwao, akimnong'oneza mtu habari ya mvua. Mama Redio alicheka, na hakuangalia nani mwingine anacheka.