Galaksi Iliyotolewa Ushuhuda

"Hivi huyo binti yako analipwa kwa kuangalia juu tu?" jirani alimuuliza Mama siku moja wakianika nguo. Jirani huyo mtaa mzima ulimwita Redio, kwa kuwa hazimiki. Mama hakumjibu, ila swali lilimkaa kama mwiba wa samaki kooni.

Ndipo binti akaja na picha aliyoichapisha ofisini kwao, wanakosoma picha za darubini kubwa. Akaitandaza mezani. Ilikuwa galaksi, nyota zisizo na idadi, zimejizungusha kama maji yanayoingia kwenye tundu la sinki. Katikati wekundu wa nyota kongwe. Pembeni mikono miwili ya buluu, ya nyota changa.

"Mwanga huu ulitoka huko wakati jua letu bado halijawaka, Mama. Zama zile kila kitu kilikuwa vurugu, lakini hii imejipanga sawasawa. Hakuna aliyewahi kuiona."

"Isipokuwa Mungu."

"Haya, Mungu na mimi," binti akacheka. "Nikiitangaza wa kwanza, mkataba wangu unaongezwa. Nikipitwa, nafungasha. Tunaipima upya kwanza, kwa hiyo usimwambie mtu."

Mama akaitikia. Lakini kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba ukafika wakati wa ushuhuda, na Redio alikuwa ameketi mbele kabisa. Mama akasimama, akainua picha juu. "Bwana asifiwe! Hiki ndicho anachokiangalia mwanangu!" Makofi yakapigwa. Redio akaipiga picha kwa simu, na kabla ya sala ya kufunga ilikuwa imeshasambaa mitandaoni, pamoja na namba za pembeni zinazoonyesha mahali galaksi ilipo angani.

Wiki iliyofuata binti aliingia bila hodi, begi begani.

"Watafiti wengine wameitangaza. Picha za darubini ziko wazi kwa kila mtu, Mama. Walichokuwa wamekosa ni pa kuangalia, na namba zile zimewaonyesha."

"Mwanangu, nilikuwa namshukuru Mungu."

"Ulikuwa unamjibu Redio."

Mama alijua ni kweli.

"Tuombe," akasema mwishowe. "Mungu hashindwi."

"Tuombe nini? Waisahau? Nimeshakabidhi funguo za ofisi."

Mama akapiga magoti peke yake kando ya kiti, akafumba macho, akaanza. Binti akamsikiliza kidogo. Kisha akachukua begi lake, akatoka.