Fulana ya Nyota Wetu

Chapuchapu alijifungia kwenye choo cha kiwanda, akakaza kitambaa tumboni mpaka pumzi ikamkata. Penzi ni kikohozi, halifichiki, walisema wahenga. Lakini kikohozi kina dawa. Mimba yake ya miezi mitano ilifichwa na kitambaa hicho na koti la kazi tu, na hilo koti aliliomba kubwa makusudi.

Pale kiwandani kibarua mwenye mimba hafukuzwi, hasha. Huambiwa akapumzike, na akirudi anakuta mtu mwingine kwenye cherehani yake. Aliyeajiriwa kwa kudumu ndiye anayejifungua na kurudi mahali pake. Ndiyo maana leo Chapuchapu, aliyepewa jina hilo kwa kushona kola haraka kuliko wenzake wote, alikata shauri kwenda kuomba. Akabisha hodi ofisini kwa bosi.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Enhe?"

"Kila mara mnanipigia makofi, nashukuru. Ila nilikuwa naomba... kama kazi yangu mnaiona, basi mniajiri."

Bosi alicheka vizuri, kama baba. "Ajira inatoka juu, mwanangu. Mbona ghafla? Una shida gani?"

"Sina shida." Sauti ilimtoka nyembamba.

Macho ya bosi yalimpanda, yakamshuka. "Watu kama wewe tunawathamini sana. Huwezi kutoka hapa umevunjika moyo. Twende."

Mashine zikazimwa, watu wakasimama. Msimamizi, mama mmoja mnene, akaleta fulana nyekundu iliyoandikwa "Nyota Wetu" kifuani. Desturi ya pale kila mtu aliijua: anayetuzwa huivaa palepale, mbele ya wote, akapigwa picha ya kubandikwa ukutani.

"Vua koti," bosi alisema.

"Nitaivaa nyumbani, bosi. Nina jasho."

"Jasho ndilo tunalolituza!" Bosi akacheka, na kwa kuwa amecheka, wote wakacheka.

Shoga yake wa cherehani ya jirani, ambaye peke yake ndiye aliyejua, akajitosa. "Bosi, hiyo itambana. Tumtafutie nyingine."

"Zote ni saizi moja. Au na wewe una lako?"

Shoga akainamisha kichwa. Naye alikuwa kibarua.

Chapuchapu alihangaika na kifungo cha kwanza kana kwamba hajawahi kukiona kifungo maishani. Koti likavuliwa. Fulana ikapita kichwani, ikapita mabegani, ikakwama tumboni. Msimamizi akaivuta chini kwa upole, akainyoosha mikunjo yote.

Makofi yalikuwa yameanza kwa kishindo. Mstari wa mbele ukanyamaza kwanza, kisha wa pili. Wa nyuma, wasioona, waliendelea kupiga.

Bosi alilitazama lile tumbo, akageuka akaitazama cherehani ya Chapuchapu iliyobaki wazi.

"Mpige picha," alimwambia msimamizi.

Chapuchapu akajiziba tumbo kwa viganja.

"Mikono pembeni, mwanangu," bosi alisema. "Na utabasamu."